Kisukari kinamvua mwanamke kinga ya moyo: yaliyomkuta mama yangu, na siku nne tulizopoteza

BintiPangani (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Wakubwa wote shikamooni.

Jambo hili nimekaa nalo tangu Machi na leo nimeona niliandike, maana humu kuna watu wengi wenye mama, dada na wake wanaohudhuria kliniki ya sukari.

Mama yangu ana miaka 58. Kisukari chake ni kile cha ukubwani, mwaka wa 11 huu. Ni mtu wa kuhudhuria, hajawahi kukosa tarehe. Metformini asubuhi, metformini jioni, na kidonge kimoja cha presha. Machi akaanza kusema amechoka. Haukuwa uchovu wa kazi. Akitoka chumbani kwenda jikoni anashika fremu ya mlango, anapumzika, ndipo anaendelea. Siku ya pili akasema kuna kitu kinamkaba hapa juu ya tumbo, na mgongo unauma katikati ya mabega. Akatapika mara moja. Jasho la baridi likamtoka mpaka kanga ikalowa.

Tukasema vidonda vya tumbo. Yeye mwenyewe alisema vidonda vya tumbo. Zahanati tuliyokwenda wakasema hivyo hivyo, wakampa vidonge vya kupunguza asidi, tukarudi nyumbani. Siku ya nne miguu imevimba, na kulala chali hawezi, analala ameketi na mito mitatu mgongoni. Ndipo tukamkimbiza hospitali kubwa. Wakambandika zile nyaya kifuani, ikatoka karatasi yenye mistari, daktari akaitazama kwa muda kisha akauliza, "Mama, kifua kilianza kukubana lini?" Mama akajibu, "Hakijabana mwanangu. Mimi nina vidonda vya tumbo."

Alikuwa ameshapata mshtuko wa moyo. Sehemu ya msuli wa moyo ilikuwa imekufa siku zile tulipokuwa tunamchemshia uji.

Yupo hai, namshukuru Mungu. Lakini linaloniuma ni hili. Miaka miwili kabla ya hapo baba mdogo, ambaye hana kisukari ila anavuta sigara, alishika kifua tukiwa tunakula. Hakuna hata mmoja aliyetamka vidonda vya tumbo. Jirani alitoa gari, sahani zikabaki mkekani, na kabla wali haujapoa alikuwa mapokezi ya hospitali. Nyumba ni ile ile, watu ni wale wale, na mama akiwa mmoja wa waliopiga kelele gari liletwe. Kwa mwanaume tuliwaza moyo papo hapo. Kwa mama, mwenye kisukari cha miaka 11, moyo haukutupitia akilini.

Usiku alipolazwa nilifungua daftari lake la kliniki. Mistari imenyooka kabisa: tarehe, uzito, sukari, presha, "aendelee na dawa". Kurasa kwa kurasa. Nikatafuta mahali palipoandikwa lehemu, yaani kolesteroli, hata mara moja. Hapakuwepo. Kipimo cha umeme wa moyo, hakuna. Miaka yote 11 tulikuwa tunaulizana nyumbani "sukari ngapi leo?" tukidhani ndiyo maswali yamekwisha. Siwalaumu wauguzi, foleni ya pale naijua.

Nikaanza kusoma, na nikakuta kumbe jambo hili limejulikana tangu kabla sijazaliwa. Kuna mji Marekani unaitwa Framingham, jimbo la Massachusetts. Mwaka 1948 walianza kuwafuatilia wakazi 5,209, wanaume kwa wanawake, waone nani atapata ugonjwa wa moyo na kwa nini. Mwaka 1979 watafiti William Kannel na Daniel McGee wakatoa matokeo ya miaka 20 kuhusu kisukari. Walikuta kisukari kinaongeza hatari ya moyo kwa wote, lakini kwa wanawake kinaongeza zaidi.

Halafu mwaka 2014 Sanne Peters, Rachel Huxley na Mark Woodward wakakusanya tafiti 64 zenye watu 858,507. Mwanaume mwenye kisukari, hatari yake ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ni mara 2.16 ya mwanaume asiye nacho. Mwanamke mwenye kisukari ni mara 2.82 ya mwanamke asiye nacho. Na walipolinganisha jinsia hizo mbili huku wakizingatia mambo mengine yanayoongeza hatari, nyongeza ya mwanamke ilizidi kwa asilimia 44.

Yaani ile kinga tunayoambiwa wanawake wanayo, kwamba moyo wao huchelewa kuugua kuliko wa wanaume, kisukari kinaivua. Na sisi bado tunawatazama kana kwamba wameivaa.

Naomba wenye uelewa waongezee, na wenye yaliyowakuta waseme.


Mzee wa Korosho

Marahaba binti. Pole sana kwa mama, Mungu amzidishie afya.

Ila niulize bila ubishi. Mimi nina miaka 66, na ninaowazika ni wanaume wenzangu. Mtaani kwetu wajane ni wengi, waliofiwa na wake unawahesabu kwa vidole. Hapa inaposemwa kisukari kinamuumiza zaidi mwanamke, mbona makaburini sioni hivyo?


BintiPangani

Asante baba, swali lako hata mimi lilinisumbua wiki nzima.

Unachokiona ni kweli. Wanaume wenye kisukari bado wanapata mshtuko wa moyo wengi kuliko wanawake wenye kisukari. Tofauti iko kwenye mahali mtu alipoanzia. Tuchukue mfano wa hesabu tu, namba hizi ni zangu za kuelezea. Tuseme katika wanaume 100 wasio na kisukari, 10 wanapata ugonjwa wa moyo kwa kipindi fulani, na katika wanawake 100 wa umri huo huo wanapata 5. Mwanamke yuko nusu ya mwanaume. Sasa walete kisukari. Wanaume 10 zidisha kwa 2.16, unapata kama 22. Wanawake 5 zidisha kwa 2.82, unapata 14. Wanaume bado wako juu, lakini mwanamke hayuko nusu tena, amekaribia theluthi mbili. Pengo linazibwa, na anayelipia ni yeye.

Kwa hiyo baba, wewe mwenyewe kama una sukari usije ukasoma uzi huu ukaona umepona.


Mzee wa Korosho

Nimekuelewa vizuri sasa. Sukari ninayo, miaka saba. Na mke wangu anayo, miaka tisa. Nabaki hapa kusoma.


Tabibu wa Zamu

Mleta uzi, pole na hongera kwa kuliandika hili. Mimi ni tabibu, nimefanya kazi kliniki ya magonjwa yasiyoambukiza kwa miaka kadhaa. Hesabu yako iko sawa. Niongeze moja ambayo wengi hawaijui: umri.

Mwaka 2018 zilichapishwa takwimu za pamoja za watu 980,793 kutoka tafiti 68. Waliangalia vifo vya mishipa kuziba. Kwa jumla kisukari kilizidisha hatari mara mbili kwa wanaume na mara tatu kwa wanawake. Lakini ukichukua wenye miaka 35 hadi 59 peke yao, kwa wanaume ilikuwa mara 2.6, kwa wanawake mara 5.5. Tazameni umri huo. Ni mama aliye na watoto shuleni, anayeuza sokoni, anayelea wazazi. Ndiye ambaye hakuna anayemuwazia moyo, kwa sababu "bado kijana" na "ni mwanamke".

Sababu zipo kadhaa na hakuna moja inayojitosheleza.

Ya kwanza ni mafuta ya mwili. Mwanamke kwa kawaida huhifadhi mafuta nyongani na mapajani, chini ya ngozi, ambako hayana madhara makubwa. Mwanaume huyaweka mapema tumboni, kwenye ini na kuzunguka viungo vya ndani. Ndiyo maana mwanaume hupata kisukari akiwa na uzito mdogo zaidi. Uskoti walipima hili kwa watu wengi wakatoa taarifa mwaka 2011: siku ya kugundulika, uwiano wa uzito na urefu kwa wanaume ulikuwa wastani wa karibu 32, kwa wanawake karibu 34. Maana yake mwanamke ametembea safari ndefu zaidi kabla ya kufika kwenye kisukari. Maghala yale salama yamejaa, mafuta yameanza kumwagikia ndani, presha imepanda taratibu, lehemu nzuri imeshuka, mishipa imeanza kukakamaa, na miaka yote hiyo sukari yake inasoma kawaida au juu kidogo tu. Siku anaambiwa "mama una sukari", moyo wake una historia ambayo haikuandikwa popote.

Ya pili ni mishipa yenyewe. Kwa wanawake wengi shida haiko tu kwenye ile mishipa mikubwa inayoonekana ikipigwa picha. Iko kwenye vijishipa vyembamba ndani ya msuli wa moyo. Mgonjwa anapigwa picha, mishipa mikubwa iko wazi, anaambiwa hana kitu. Anarudi nyumbani na maumivu yake, na safari ijayo anaona aibu kuyasema.

Ya tatu ni mishipa ya fahamu. Sukari ya muda mrefu inaiharibu, kama inavyofanya nyayo zife ganzi. Maumivu ya moyo yanaweza kupungua au yasisikike kabisa. Hii ni kwa wote, lakini wanawake tangu hapo dalili zao mara nyingi huambatana na uchovu, kichefuchefu, pumzi kukata, maumivu ya taya au mgongo. Ukichanganya na kisukari, unapata mama wa mleta uzi: "hakijabana mwanangu".

Ya nne ni sisi watoa huduma. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha wanawake wenye kisukari hupewa dawa za kulinda moyo mara chache kuliko wanaume, na hufikia malengo ya presha na lehemu mara chache. Hili limeniuma nilipojitazama mwenyewe. Nimewahi kumwandikia mzee statini, yaani dawa ya kushusha lehemu, bila kufikiri mara mbili, halafu mama wa umri ule ule, sukari ile ile, nikamwambia apunguze mafuta ya kupikia.


Mpwani wa Kisauni

Salaam aleikum kutoka Mombasa. Nina swali nalo lanikera.

Mimi nilipata kisukari cha mimba kwa mtoto wangu wa pili. Nilichoma insulini miezi mitatu. Nilipojifungua nikapimwa sukari mara moja wodini, nikaambiwa imeisha, nenda nyumbani. Mtoto sasa ana miaka sita. Sijapimwa tena. Haya mnayoyasema yanihusu mimi?


Tabibu wa Zamu

Waaleikum salaam dada. Yanakuhusu, na afadhali umeuliza leo.

Kisukari cha mimba ni kama mwili umefanyiwa jaribio ukashindwa kidogo, kisha mzigo ukashushwa. Sukari inarudi chini, lakini udhaifu umeshajulikana. Tafiti zilizokusanywa mwaka 2009 zilikuta mwanamke wa namna yako hatari yake ya kupata kisukari cha ukubwani ni zaidi ya mara saba ya mwenzake ambaye hakukipata mimbani. Na mwaka 2019 zikakusanywa nyingine zenye wanawake zaidi ya milioni 5: aliyepata kisukari cha mimba ana hatari maradufu ya matatizo ya moyo na mishipa baadaye. Hata wale ambao hawakuja kupata kisukari kabisa, hatari yao ilikuwa juu kwa zaidi ya nusu.

Ilitakiwa upimwe wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, kwa kile kipimo cha kunywa glukosi gramu 75 na kusubiri saa mbili. Baada ya hapo kila mwaka mmoja hadi mitatu, maisha yako yote. Usijilaumu kwa miaka iliyopita. Nenda wiki hii, na ukifika usiseme "nataka kupima sukari" tu. Sema: "Nilikuwa na kisukari cha mimba, nilichoma insulini." Maneno hayo yanabadilisha namna atakavyokushughulikia.

Na akina mama wote mliowahi kupata presha ya mimba au kifafa cha mimba, historia hiyo isemeni hata kama imepita miaka 20. Nayo inaongeza hatari ya moyo, na hakuna anayewauliza.


Mpwani wa Kisauni

Shukran sana ndugu yangu. Mara ya kwanza kuambiwa. Jumatatu nitaenda inshallah.


Nuru ya Songea

Dada Binti, umeniliza. Mama yangu mkubwa alifariki hivi hivi, usingizini, alikuwa akilalamika bega la kushoto na tukamchua kwa mafuta ya karafuu. Sukari alikuwa nayo.

Mimi nina 49, nina sukari miaka minne, na hedhi imeanza kukatakata. Nasikia homoni ndizo zinamlinda mwanamke. Zikiisha ndiyo hatari inaanza? Kuna mtu ameniambia kuna vidonge vya kurudisha homoni.


Tabibu wa Zamu

Pole sana dada. Mafuta ya karafuu hayakumuua mama yako mkubwa, mlifanya kwa upendo na kwa mlichokijua.

Kwa asiye na kisukari ni kweli, hatari inapanda zaidi baada ya ukomo wa hedhi. Estrojeni, homoni ya kike, inasaidia mishipa ilegee na inaweka lehemu vizuri. Kwa mwenye kisukari usisubiri ukomo. Hata kabla ya hedhi kukoma kinga ile imeshaliwa, ndiyo maana zile namba za umri wa miaka 35 hadi 59 zinatisha.

Vidonge vya homoni visitumike kulinda moyo. Marekani walifanya jaribio kubwa kwa wanawake 16,608, wakapewa estrojeni pamoja na projestini au kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2002 wakalisimamisha kabla ya muda, kwa sababu waliopewa homoni walipata zaidi saratani ya matiti, kiharusi na hata matatizo ya moyo yenyewe. Kama joto la ukomo linakutesa, zungumza na daktari wako, hilo ni jambo lingine.


Fundi Redio

Mdogo wangu wa kike anachoma insulini tangu yuko darasa la tano, sasa ana miaka 23. Hana unene, hana presha. Haya ni ya watu wazima wenye vitambi au naye yumo?


Tabibu wa Zamu

Naye yumo kaka, tena kwa aina yake ya kisukari tofauti ni kubwa zaidi. Mwaka 2015 zilikusanywa tafiti 26 za kisukari cha aina ya kwanza, watu 214,114. Nyongeza ya hatari ya kufa kwa sababu yoyote ilikuwa kubwa kwa wanawake kwa karibu asilimia 40 kuliko kwa wanaume, na kwa matatizo ya mishipa ilikuwa karibu mara mbili. Miaka ni mingi mwilini mwake, na usichana na kisukari havipatani: homoni za kila mwezi zinapandisha na kushusha sukari, na wasichana wengine hupunguza insulini kwa siri wakiogopa kunenepa. Muulize kwa upole, tena mkiwa wawili tu.

Presha apimwe kila anapohudhuria, mkojo uangaliwe protini kila mwaka, na lehemu ipimwe. Akiwa anafikiria kuolewa na kuzaa, aseme kliniki mapema kabla hajashika mimba.


Kilindi2

Mbona mnasahau dawa za asili. Mlonge na mdalasini vinashusha sukari na kusafisha mishipa. Bibi yangu anatumia, ana miaka 80.


Tabibu wa Zamu

Ndugu, bibi Mungu amuweke. Mlonge kama mboga aendelee kuula, ni chakula kizuri. Lakini hakuna jani lililothibitishwa kuzibua mshipa wa moyo ulioziba, na nimepokea wagonjwa walioacha statini na dawa ya presha wakabaki na unga wa majani, wakarudi wamepooza. Atumie kama chakula, dawa za kliniki zisiguswe.


BintiPangani

Tabibu, Mungu akulipe. Naomba utuandikie waziwazi, mtu akimpeleka mama yake kliniki aombe nini? Mimi nilikuwa sijui hata cha kuuliza.


Tabibu wa Zamu

Sawa dada. Muulize mambo ambayo daftari halisemi.

Lehemu yake imepimwa lini? Kama ana kisukari na amefika miaka 40, miongozo mingi inataka apewe statini hata kama lehemu si mbaya, awe mwanaume awe mwanamke. Uliza kwa adabu: "Daktari, mama anastahili statini?" Swali hilo moja limesaidia wengi. Lakini mwanamke ambaye bado anazaa aseme, kwa sababu statini, na dawa za presha kama enalaprili, kaptoprili na losatani, hazifai mimba ikiingia.

Presha: kwa mwenye kisukari wengi tunalenga iwe chini ya 130 kwa 80. Naona kwenye madaftari 150 kwa 95 imeandikwa miezi sita mfululizo na dawa ni ile ile. Presha nayo inaua kimya, na kuishusha ni rahisi kuliko watu wanavyodhani.

Kipimo cha sukari ya miezi mitatu, kile kinachoandikwa HbA1c, maana ile ya asubuhi moja inaweza kudanganya. Mtu akijizuia siku mbili kabla ya kliniki inasoma vizuri. Figo kwa mkojo na damu. Umeme wa moyo, hasa kama ana presha au ana dalili yoyote mpya. Huo hautabiri kila kitu, lakini ukiwepo wa zamani unasaidia kulinganisha siku mbaya ikifika.

Na siku mbaya ikifika: uchovu wa ghafla usio na maelezo, pumzi kukata, jasho la baridi, kichefuchefu, kubanwa juu ya tumbo, taya, shingo, mgongo au mkono. Kwa mwanamke mwenye kisukari hiyo ni moyo mpaka kipimo kiseme sivyo. Pima sukari haraka kama mna kimashine, maana sukari kushuka nayo inatoa jasho. Ikiwa chini ya 4 mpe kitu cha sukari. Ikiwa si hiyo, msisubiri asubuhi. Aspirini ya miligramu 300 aitafune njiani kama haimdhuru, hana vidonda vinavyovuja damu, na mdomo haujapinda wala upande mmoja haujalegea. Mkifika mapokezi, sema neno la kwanza: "Ana kisukari, na tunaogopa ni moyo."


Nuru ya Songea

Nimeinakili yote kwenye daftari langu la kliniki, ukurasa wa nyuma.

Niseme na jingine. Kuambiwa tutembee dakika 150 kwa wiki nimeambiwa. Lakini mwanamke anaamka saa kumi alfajiri, anachota maji, anapika, anauza, anarudi jioni anapika tena, na sahani yake ndiyo ya mwisho, yaani wali uliobaki na mchuzi, mboga zimekwisha. Nguvu ya kutembea ataitoa wapi? Na dawa zikipungua nyumbani, anayesema "zangu zitasubiri" ni mama.


BintiPangani

Hapo dada umegusa nyumbani kwetu kabisa. Mama alikuwa anakula ukoko. Tulidhani anaupenda. Sasa sahani yake inapakuliwa ya kwanza: mchicha nusu sahani, dagaa au maharage, ugali ngumi moja. Mwanzoni aliona haya kula mbele ya baba, baba mwenyewe akamwambia "kula mama watoto". Jioni anatembea na jirani zake wawili hadi kivukoni na kurudi, wamejitanda kanga wanapiga soga. Mwezi wa kwanza alikuwa anasimama mara tano njiani. Sasa anasimama mara moja.

Dawa za moyo na presha zimekuwa nne: ya presha imebadilishwa, ameongezewa statini, aspirini, na ya kupunguza maji. Baba mdogo ndiye anayezilipia zile zisizopatikana kwa bima.


Mzee wa Korosho

Nimesoma yote mpaka mwisho, nikamsomea na mke wangu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema ana wiki mbili anaamka usiku kama kuna mtu amemkalia kifuani, ila hakutaka kunisumbua. Wiki mbili, na tunalala kitanda kimoja.

Kesho alfajiri naondoka naye kwenda mjini. Nimemwambia asile chochote tangu leo usiku ili lehemu ipimwe vizuri. Nimekosea?


Tabibu wa Zamu

Mzee wangu, hapana, ale. Lehemu siku hizi inapimika bila kufunga, na mgonjwa wa sukari akisafiri na njaa huku dawa ziko mwilini anaweza kuanguka njiani. Ale chakula cha usiku, dawa anywe kama kawaida. Asubuhi mbebe uji kwenye chupa.

Na kama usiku huu kikimbana tena, msingoje alfajiri. Una namba ya dereva wa karibu?


Mzee wa Korosho

Ninayo. Nimempigia sasa hivi, amesema simu yake haizimwi.